Kisanamu na Kiuzwe Uso Wazi

Katika maduka makubwa ya miji mingi ya dunia, aghalabu karibu na mahali pa kulipia ambapo mzazi hana tena nguvu za kubishana na mtoto, huwekwa visanduku vidogo vya karatasi ngumu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kujaa kiganjani, na ndani yake mna kisanamu cha plastiki chenye kimo cha sentimita nne hivi, ambacho mnunuzi hajui, wala haikukusudiwa ajue, kama ni askari wa Kirumi, au jini, au mwanaanga, mpaka awe amekwisha kutoa fedha yake na kukipasua. Mtengenezaji ni kampuni ya LEGO ya mji wa Billund nchini Denmark, ambayo tangu mwaka 2010 imekuwa ikitoa visanamu hivi toleo baada ya toleo, na wanunuzi wake si watoto peke yao: watu wazima wenye ndevu na vyeo huvikusanya, huvipanga juu ya rafu zenye vioo, huvibadilishana, na mara nyingine hugombana kwa ajili yake. Jambo linalopendwa kiasi hiki na wadogo kwa wakubwa lastahili kupimwa kwa uzito ule ule tunaopimia kitabu au tamthilia, na hiyo ndiyo kazi niliyojitwika leo.

Kipimo changu ni kimoja. Kitu cha kuchezea kina ruhusa ya kujifanya chochote kilicho duniani au mbinguni, maana kujifanya ndiyo roho ya mchezo. Mtoto apandaye fimbo na kuiita farasi hamdanganyi mtu, kwa sababu yeye na watazamaji wake wote wanaijua siri hiyo na wameridhika nayo. Lakini kitu hicho hicho hakina ruhusa ya kudanganya, na mpaka baina ya mambo mawili haya, ijapokuwa ni mwembamba, hudhihirika mtu akivitazama kwa nadhari visanamu vya makundi matatu yanayopendwa kuliko mengine, yaani vya historia, vya hekaya na vya anga.

Asili yake yafaa ielezwe kwa ufupi. Ole Kirk Christiansen, seremala wa Billund, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati kazi za ujenzi zilipokuwa zimedorora. Mwanawe Godtfred ndiye aliyeombea hataza, tarehe 28 Januari 1958, lile tofali la plastiki lenye vifundo juu na mirija ndani, ambalo hushikana na mwenziwe kwa mlio mdogo usiosahaulika. Mtu wa kukaa katika nyumba zilizojengwa kwa matofali hayo alipatikana miaka 20 baadaye, mwaka 1978, kwa ubunifu wa Jens Nygård Knudsen na wenzake: kiwiliwili kilichopanuka kuelekea kiunoni, mikono inayozunguka mabegani, vitanga vilivyopinda ili vishike upanga au usukani, miguu inayokunjika nyongani, na kichwa cha manjano chenye nukta mbili za macho na mstari mmoja wa tabasamu. Manjano ilichaguliwa ili asiwe wa taifa lolote, na tabasamu lile lilikuwa moja kwa mfalme na kwa mtu wa zimamoto, kwa mshika mkuki na kwa mwanaanga, mpaka mwaka 1989 walipotoka maharamia, ambao ndio walioleta jicho lililofunikwa, mkono wa ndoana na mguu wa gongo. Tangu siku ile uso wa kisanamu ukawa na habari ya kusema, na uso wenye habari ya kusema huweza pia kusema uongo.

Toleo la kwanza la mwaka 2010 lilikuwa na visanamu 16 vilivyokusanywa bila mpango wowote wa akili: mtu wa pangoni alisimama bega kwa bega na muuguzi, ninja na mchunga ng'ombe wa Marekani, mzamiaji wa bahari kuu na mwanaanga, na pamoja na hao wote alikuwapo maiti mfufuka aliyeshika paja la kuku. Uzuri wa toleo lile ulikuwa katika vurugu lake, kwa kuwa akili ya mtoto haijagawanywa kwa karne na mabara, nayo huona sahihi kabisa kwamba ninja apigane na mwanaanga kwa ajili ya paja hilo. Mintarafu ya ufundi sina lawama. Chapa za rangi ni safi, viungo havilegei upesi, na silaha hukaa mkononi bila kuanguka.

Tuanze na historia, ambako deni la ukweli ni kubwa zaidi, maana askari wa Kirumi hakubuniwa na mtu. Aliishi, alilipwa mshahara, na mifupa yake ingali inafukuliwa. Kisanamu cha askari huyo, kilichotoka mwaka 2012 katika toleo la sita, hunipendeza kila nikitazamapo. Kifuani amepigwa chapa ya deraya ya mabamba ya chuma yaliyofungwa pamoja, kichwani ana kofia ya chuma inayoshuka mpaka mashavuni, mkono mmoja una mkuki, na mwingine ngao ndefu ya mstatili, nyekundu, iliyopinda ili kuukumbatia mwili wa mwenye kuishika. Na vitu hivi vyote ni vya zama moja, karne ya kwanza na ya pili ya Miladi, wala hakuna kilichoazimwa kwingine ili kuongeza fahari. Mtoto akivipata vitano au sita, akavipanga ngao kwa ngao, atakuwa amejifunza kwa vidole vyake jinsi jeshi lile lilivyosonga mbele likiwa limejifunika pande zote, jambo ambalo mwalimu akilieleza ubaoni kwa saa nzima huenda lisimwingie. Ingawa, kwa namna visanamu hivi vinavyouzwa, kuvipata vitano vya aina moja ni mtihani, nami nitaurudia mtihani huo.

Sasa na atazamwe Mviking wa toleo la nne, la mwaka 2011. Ana shoka, ana ngao ya duara, ana ndevu za kutisha, na kutoka kwenye kofia yake ya chuma zimechomoza pembe mbili. Pembe hizo hazikuwapo. Katika makaburi na mabaki yote ya Waviking yaliyofukuliwa haijakutwa hata kofia moja ya vita yenye pembe, na kofia yao iliyohifadhika kuliko zote, iliyopatikana Gjermundbu nchini Norway mwaka 1943, ni ya mviringo, haina kitu ubavuni, nayo ina kinga ya macho na pua tu. Aliyezieneza pembe ni fundi wa mavazi ya jukwaani, Carl Emil Doepler, alipowatengenezea nguo waimbaji wa tamthilia za Richard Wagner huko Bayreuth mwaka 1876, na tangu hapo michoro, filamu na matangazo ya biashara yamezirudia mpaka zikachukuliwa kuwa ushahidi. La kustaajabisha ni kwamba aliyewavisha safari hii ni Mdenmark, mjukuu wa Waviking hao hao, ambaye katika makumbusho ya taifa lake mjini Copenhagen zimo kofia mbili zenye pembe za kweli, zilizofukuliwa Veksø mwaka 1942: ni za shaba nyeusi, ni za ibada kuliko vita, na zilitengenezwa yapata miaka 900 kabla ya Kristo, yaani karibu miaka 1,700 kabla Mviking wa kwanza hajatweka tanga.

Mtu aweza kuniuliza, pembe mbili za plastiki zamdhuru nani? Hazimwagi damu, ni kweli. Lakini kisanamu hiki hakikuitwa mpiganaji wa hekaya mwenye pembe. Kimeitwa Mviking, jina la watu waliokuwapo, waliolima, waliofanya biashara mpaka Baghdadi na Konstantinopoli, na mtoto anayekipokea hana njia yoyote ya kujua kuwa shoka limetoka kaburini na pembe zimetoka jukwaani. Hapo ndipo kujifanya kunapovuka mpaka niliousema. Na kosa hili halikuwa la lazima, kwa maana kofia tupu ya Gjermundbu, kwa ile kinga yake ya macho inayomfanya mvaaji aonekane bundi, ingemtisha mtoto vizuri zaidi kuliko pembe za mwimbaji.

Lipo pia jambo la mpangilio. Katika mwaka 2012 kampuni ilimtoa shujaa wa Kiazteki mwezi wa Mei, na mwezi wa Septemba ikamfuatishia mvamizi wa Kihispania mwenye kofia ya chuma na upanga, kana kwamba tarikhi yenyewe imepangiwa ratiba ya maduka. Na yale yaliyowapata watu wa Tenochtitlan baina ya mwaka 1519 na 1521 yakabaki nje ya mfuko. Silaumu sana, kwa kuwa kisanamu hakiwezi kubebeshwa msiba wa taifa zima, ila mzazi anayekijua kisa hicho na asimsimulie mwanawe wakati wawili hao wanapokutana juu ya zulia, ameipoteza fursa ambayo haikumgharimu chochote.

Kuhusu bara letu nitasema machache. Wapo firauni wa toleo la pili, malkia wa Misri wa toleo la tano na askari wa Misri wa toleo la kumi na tatu, na wote ni wazuri. Baada yao, katika vile vya kihistoria nivijuavyo, Afrika inakoma Aswan. Hayupo mfalme wa Aksum, hayupo mfanyabiashara wa Timbuktu, hayupo nahodha wa Kilwa aliyepakia dhahabu ya Sofala. Wako wanaolitaja jambo hili kwa uchungu, nami siwashangai, lakini kila nikizikumbuka zile pembe hupata faraja fulani: heri kutokuwamo kuliko kuwamo umevikwa mavazi ya jukwaani.

Kwenye hekaya hukumu hulegea, na ndivyo ipasavyo, maana hekaya haina shahidi wa kuapishwa. Medusa wa toleo la kumi, la mwaka 2013, ana nyoka kichwani na, mahali pa miguu, mkia wa nyoka, ilhali Medusa wa wachoraji wa Uyunani ya kale alikuwa na miguu yake miwili na mara nyingi alichorwa akikimbia. Mkia huu wa siku hizi umeenezwa na fundi wa sinema Ray Harryhausen, aliyempachika katika filamu ya mwaka 1981. Msomaji atadhani kuwa kwa kipimo kile kile nilichompimia Mviking nitamtia hatiani na Medusa, lakini sivyo. Msimuliaji wa hekaya ana haki ya kuongeza. Kila bibi aliyewahi kusimulia kisa cha sungura na fisi ameitumia haki hiyo, na wajukuu hawakumdai ushahidi. Mkia ule ni nyongeza nzuri, umeingia katika kisa na kisa kimeukubali. Kasoro ninayoiona katika kundi hili ni uvivu wa kusoma: mwenye kichwa cha fahali, mwenye jicho moja, mwenye miguu ya mbuzi, na yule nusu mtu nusu farasi wa toleo la 21, wote ni Wayunani, kana kwamba mataifa mengine hayakuwahi kuota ndoto mbaya.

Jini wa toleo la sita ndiye anayetuhusu kwa karibu zaidi. Ni wa rangi ya buluu, hana miguu bali mkia wa moshi, na amekuja na taa yake. Sote twadhani twajua ametoka wapi. Hata hivyo kisa cha Aladini hakimo katika hati za kale za Kiarabu za Alfu Lela Ulela. Kiliingizwa na Mfaransa Antoine Galland, ambaye tafsiri yake ilitoka baina ya mwaka 1704 na 1717, naye alikisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kinywani mwa Hanna Diyab, Msham wa mji wa Halab. Huyu basi ni jini aliyetoka Sham akaenda Paris, akatoka Paris akaenda Hollywood, akatoka Hollywood akaenda Billund, na katika kila bandari aliacha kitu na kuchukua kingine. Majini tunaowajua sisi watu wa mwambao, wenye makabila yao na dini zao, wanaokaa mibuyuni na mapangoni, wanaotaka ubani na marashi na kukasirika wasipopewa, hawafungiki katika taa wala hawamwiti binadamu bwana. Wao ndio huitwa hivyo. Lakini sioni kwamba tumedanganywa. Kampuni imetengeneza jini wa hekaya, na hekaya imeandikwa usoni pake kwa rangi ya buluu.

Ni katika anga ndipo visanamu hivi vilipofikia ukamilifu, na vilifikia mapema, kwa yule wa kwanza kabisa. Mwanaanga wa 1978 alitoka katika rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kisha wakafuata wa manjano, na mwaka 1984 wa buluu na mweusi. Mgongoni ana mitungi ya hewa, kichwani kofia ya duara isiyo na kioo, na kifuani nembo ya dhahabu ya sayari yenye chombo kinachoizunguka. Nchi iliyomtuma haitajwi. Wakati ule Wamarekani walikuwa wameacha kwenda mwezini tangu Desemba 1972, na mashindano yao na Warusi yalikuwa yangali habari ya bendera; kisanamu hiki kikaja bila bendera, bila cheo, bila bunduki na bila adui, kazi yake ikiwa ni kwenda, kutazama, kuchimba mawe na kurudi. Miaka tisa ilipita kabla ya kampuni kumletea kundi la kutiliwa shaka, Blacktron, mwaka 1987, na askari wa kuwakamata, mwaka 1989, na kwa rai yangu anga ile ilipungua upana tangu walipoingia.

Kofia yake ilikuwa na kasoro mashuhuri, nayo ni kwamba utepe mwembamba upitao chini ya kidevu ulipasuka upesi mikononi mwa watoto, hata leo ni nadra kumpata mwanaanga wa zamani aliyechezewa hasa na kofia yake ikawa nzima. Filamu ya kampuni hiyo ya mwaka 2014 ilipomleta mwanaanga wa buluu aitwaye Benny, ilimvisha kofia iliyovunjika pale pale kidevuni na kumfutafuta nembo ya kifuani. Sijui tendo la uaminifu zaidi ya hilo katika biashara nzima ya vitu vya kuchezea, ambayo ada yake ni kutuonyesha kila kitu kikiwa kipya na kinang'aa: kampuni imekiri mbele ya ulimwengu kwamba kitu chake huvunjika, wapi huvunjika, na kwamba mtoto alikipenda hivyo hivyo.

Tarehe 5 Agosti 2011 chombo kiitwacho Juno kiliondoka Florida kuelekea sayari ya Mushtarii, ambako kilifika Julai 2016, na ndani yake mlikuwa na visanamu vitatu vya umbo hili hili, vilivyotengenezwa kwa aluminiamu badala ya plastiki. Galileo, aliyeiona kwa darubini miezi minne mikubwa ya sayari hiyo mwaka 1610, ameshika darubini yake. Jupiter, mkuu wa miungu ya Warumi, ameshika radi. Na Juno mkewe ameshika kioo cha kukuzia. Historia, hekaya na anga vilipanda chombo kimoja, na hakuna kimojawapo kilichojifanya kuwa kingine. Kazi ya namna hiyo ilionekana tena mwaka 2017, katika seti ya wanawake wa NASA, ambayo ni ya kujenga wala si ya kubahatisha, alipotengenezwa Mae Jemison, daktari aliyefanya kazi Sierra Leone na Liberia kabla ya kupanda Endeavour mwaka 1992 na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika anga za juu.

Wala anga si jambo la ugenini kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Wataliani baharini mbele ya Ngomeni, si mbali na Malindi, setilaiti ya kwanza duniani iliyotumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ningependa sana kukiona kisanamu cha fundi wa jukwaa lile, mwenye suruali iliyokunjwa na chumvi kwenye viatu, na wabunifu wa Billund wasingehitaji kumzulia hata kipande kimoja.

Badala yake, mwaka 2024, katika toleo la 26, tumepewa visanamu 12 vyote vya anga, navyo vinachekesha na kupendeza: yumo mtumishi wa nyumbani aliye roboti, yumo mtalii kutoka sayari nyingine, yumo Orion mwindaji wa Kiyunani aliyepandishwa mbinguni akawa nyota. Lakini wamo pia mtu wa Blacktron, mtu wa M:Tron na mtu wa Ice Planet, makundi yote ya zamani ya kampuni hiyo hiyo, yaliyorudishwa kwa ajili ya baba waliokuwa watoto wakati ule. Anga ya 1978 ilitazama mbele, na anga ya 2024 yatazama nyuma, ndani ya makabati ya kampuni yenyewe.

Sasa nifike kwenye sanduku. Kisanamu cha mwaka 2010 kiliuzwa Marekani kwa senti moja chini ya dola 2, na cha leo kwa senti moja chini ya dola 5, na idadi ya visanamu katika toleo imeshuka kutoka 16 hadi 12; hayo ni ya biashara, na anayeona ni ghali ana hiari ya kupita. Lisilo la kawaida ni kuficha. Vile vya kwanza vilitiwa katika mifuko ya plastiki isiyoonyesha ndani, lakini mistari ya bei iliyochapwa nyuma ya mfuko ilitofautiana kisanamu kwa kisanamu, na wajanja wakaitambua mara moja. Kampuni ilipoisawazisha, wakajifunza kusoma vinundu vilivyogongwa kwenye mfuko. Vinundu vilipotoweka, wakabaki na vidole vyao. Na zama hizo za vidole, kwa hakika, zilikuwa na ustaarabu wake. Mtoto aliyesimama dukani akiupapasa mfuko, macho yameelekea darini, akiitafuta ncha ya mkuki au mkunjo wa mkia, alikuwa anafanya kazi ya fundi, na akibahatika alikuwa amestahili. Mwaka 2023 mifuko ikaanza kuondolewa yakaletwa masanduku ya karatasi, kwa sababu njema ya kupunguza plastiki, na vidole vikapofuka. Siku hizi zipo programu za simu zinazoisoma alama iliyochapwa juu ya sanduku na kutaja kilichomo, hivyo mwenye simu ya kisasa anajua, na mtoto mwenye sarafu zake mkononi anabahatisha.

Wanavyuoni wa fikihi walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya plastiki. Samaki aliye majini hauzwi, ndege aliye hewani hauzwi, kilicho tumboni mwa ngamia hakiuzwi, si kwa kuwa vitu hivyo ni haramu, bali kwa kuwa mnunuzi hajui anachokitolea mali yake. Mtetezi wa sanduku atajibu kwamba hakuna aondokaye mtupu, na kila kisanamu ni kizima na ni cha gharama ile ile. Gharama ya kiwandani ni moja, naam. Thamani kwa mnunuzi siyo, na kampuni ililithibitisha hilo yenyewe mwaka 2013 ilipochanganya ndani ya toleo la kumi kisanamu cha ziada cha rangi ya dhahabu, kiitwacho Mr. Gold, vikatengenezwa 5,000 tu kwa dunia nzima, na leo kimoja huuzwa kwa maelfu ya dola. Hiyo ilikuwa bahati nasibu, iliyouzwa kwa watoto wa umri ambao sheria za nchi nyingi haziwaruhusu kukata tikiti. Playmobil ya Ujerumani nayo iliingia katika biashara ya mifuko iliyofungwa, na michezo ya kompyuta ikaigeuza kuwa masanduku ya kubahatisha ambayo serikali ya Ubelgiji, mwaka 2018, iliyahesabu baadhi yake kuwa kamari. Kisanamu cha plastiki hakijafikishwa mbele ya kadhi wa namna hiyo, pengine kwa sababu kinatabasamu.

Husemwa kwamba mshangao ni sehemu ya furaha. Ni kweli katika zawadi, ambayo hufungwa na mtu anayejua kilichomo na anayempenda atakayeifungua. Katika biashara, anayejua kilichomo ni yule anayetaka ununue tena.

Aliye na hamu ya visanamu hivi asidhani kuwa hana njia ila sanduku. Lipo soko la mtandaoni liitwalo BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000, ambamo wauzaji wa nchi nyingi huuza vipande na visanamu vilivyokwisha kufunguliwa, kila kimoja kwa jina lake, picha yake na hali yake, pamoja na ufa wa kidevuni ukiwapo. Na tangu mwaka 2019 soko hilo ni mali ya LEGO yenyewe, ambayo kwa hiyo huonyesha katika nyumba moja kile inachokificha katika nyingine. Nauli ya posta mpaka Mombasa au Dar es Salaam si ndogo, na ushuru haukosekani, basi afadhali wanunuzi wawili watatu waagize pamoja. Mimi ningeanza na askari wa Kirumi, wakipatikana wanne wenye ngao zao. Kisha mwanaanga mweupe wa zamani, hata kama kofia imepasuka. Kisha Medusa, kwa ajili ya ule mkia. Mviking anaweza kungoja.